Modemu Ipumzike

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi ya mawingu mazito, mvua hakuna. Barua pepe imeingia — nimeitwa kwenye usaili! Kuhariri vitabu vya watoto. Ijumaa saa nne, kwa video. Nimecheka peke yangu jikoni hadi chai ikafurika. Mama sijamwambia. Mara mbili nimempa matumaini, mara mbili nimerudi mikono mitupu.
Saa tano mtandao ukakatika. Taa ya modemu nyekundu. Fundi wa kampuni akaelekeza kwa simu, spika imewashwa, mama anakunja nguo pembeni: chomoa waya, iache ipumzike dakika mbili, chomeka. Ikarudi!

Jumatano, 5 Machi
Jua kali. Mtandao umekatika saa nne, saa nane, saa kumi. Kila mara unarudi wenyewe. Nimeandika saa zote kwenye karatasi. Nimeitoa modemu nyuma ya jokofu, nimekaza nyaya, nimebadili hata nywila, huenda jirani anatunyonya. Mama akasema jirani ana simu ya tochi, atanyonya na nini?

Alhamisi, 6 Machi
Upepo, vumbi hadi kwenye vikombe. Fundi amekuja mwenyewe. Kapima laini, kapima umeme — safi. Akasema mgonjwa wangu haumwi.
Hajamaliza maji yake, mama akapita na ufagio, akainama, akachomoa waya. Hivi hivi! Fundi akamwamkia, kisha akauliza kwa adabu kwa nini ameizima.
“Si wewe mwanangu ulisema ipumzike? Tangu alfajiri inakonyeza tu. Hata punda hutuliwa mzigo.”
Fundi akakaa sakafuni. Mimi mbavu sina. Siku mbili nawinda mchawi, kumbe ananipikia!
Ikabidi niseme kuhusu usaili. Mama akachomeka waya, akaufuta vumbi kwa upindo wa kanga. Akauliza kwa nini nilimficha. Nikasema sikutaka aumie tena. Akasema kuumia ni kazi yake, nisimwachishe.

Ijumaa, 7 Machi
Manyunyu. Tangu saa moja mama kwenye kigoda mbele ya modemu, ufagio mapajani, kama mlinzi wa benki. Usaili dakika arobaini bila kukatika! Mkuu wa wasaili, mwanamke mwenye miwani, alicheka mara mbili. Akasogea karibu na kamera: “Kwa kweli, sisi tungependa—”
Skrini kiza. Umeme umekatika, mtaa mzima!
“Mimi sijaigusa!” mama akapaza sauti, mikono juu.
Umeme umerudi saa mbili usiku. Taa ya kijani. Barua pepe moja, kutoka kwao. Kichwa tu: “Kuhusu usaili wa leo.”
Mama akasema fungua. Kidole kikagoma. Nikainama, nikachomoa waya.
“Ipumzike kwanza,” nikasema. Tulicheka hadi akalia, au alilia hadi akacheka, sijui.
Saa tatu. Nalala.
Saa sita na robo. Nimechomeka waya, nimesoma. Sasa nalala kweli.