Viatu Vyekundu Kwenye Sanduku la Vienna

Dada Shu-fen, mimi ni msomaji wa safu yako gazetini, nisaidie kabla sanduku halijafungwa, maana Jumanne ijayo mimi na mume wangu Wen-hsiung tunakwenda Vienna siku tisa, na nilitaka tu kukuuliza nifungashe nini, kumbe swali limekuwa jingine. Tumeruhusiwa kilo ishirini kila mtu, nami nimeweka makoti, dawa zake za presha, vikombe kumi na viwili vya tambi na kisufuria cha umeme, kwa sababu nasikia huko asubuhi wanakula mkate mkavu, na juzi nilipokuwa napunguza uzito nikakuta chini kabisa, ndani ya shati lake, viatu vya kike, vyekundu, vya visigino, vipya, namba thelathini na tisa, na mimi dada navaa thelathini na tano. Ndani ya kimoja kuna karatasi yenye maandishi na namba, kama anwani.

Nikamuuliza, "Viatu vya nani hivi?"

"Vya huko."

"Huko kwa nani?"

"Bado sijui." Akaenda kumwagilia maua.

Binti yetu Yi-chun alicheka. "Mama, baba anapotea hata sokoni, huyo mwanamke wa Vienna kampatia wapi?" Mimi sikucheka. Huyu mtu ameshona viatu kiwandani miaka thelathini na moja na hajaniletea hata jozi moja, na kiwanda kilipofungwa hakusema neno. Naona haya kukwambia, lakini nilivitoa nikavificha kwenye pipa la mchele. Alipopima sanduku akapekua, na asubuhi nikakuta ametoa koti lake la baridi amelitundika kabatini, nadhani anafikiri nilivitoa kwa ajili ya uzito. Nakunakilia maneno ya kwenye karatasi na yaliyochapwa ndani ya kiatu, herufi za Kizungu mimi hazinipandi. Nivirudishe au nivitupe?

Hsiu-chin, Taichung

*

Dada Hsiu-chin, wivu wako naufahamu, ningekuwa mimi ningepekua hata mifuko ya suruali. Lakini mumeo umemuuliza kama askari, halafu ukamwibia. Yeye yuko tayari kutetemeka kwa baridi ili viatu vipate nafasi, na wewe unaniuliza uvitupe?

Nimeyalinganisha maneno uliyoninakilia. Ni yale yale: jina la duka, mtaa na namba. Hapo hakuna mwanamke, kuna duka la viatu, huenda ndilo kiwanda chake kilikuwa kikilishonea. Nahisi anataka kuona kazi yake iliishia wapi, ila sina hakika. Vitoe kwenye mchele, vifute, mwombe radhi, kisha muulize, "Ulivishona wewe?" Unyamaze mpaka ajibu, hata chai ikipoa.

Sasa sanduku. Makoti yavaeni mwilini. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, sanduku linaweza kupotea. Kisufuria kibaki, vikombe vinne vya tambi vinatosha. Wewe chukua viatu ulivyokwisha kuvizoea, mitaa ya kule ni ya mawe. Na viatu vyekundu fungasha wewe mwenyewe, kwa mkono wako, yeye akiona.

*

Hsiu-chin aliniandikia tena waliporudi, na ameniruhusu nichape:

"Alijibu, dada. Ni jozi ya mwisho aliyoishona kabla kiwanda hakijafungwa. Duka tulilikuta. Muuzaji, mama wa makamo, aligeuza kiatu, akapitisha kidole kwenye mshono, akatutazama kama anayeuliza. Lugha hatuna, nikamwonyesha Wen-hsiung kwa kidole. Yule mama akavua viatu vyake, akavaa vile, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Mume wangu hakumtazama usoni hata mara moja, alitazama miguu tu. Akaninong'oneza, 'Cha kushoto kinambana kidogo.' Tukamwachia. Kwenye treni akaanza kunieleza habari za ngozi na nyuzi, mambo ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake, mpaka tukapitiliza kituo chetu. Niliona tumepitiliza. Sikumwambia."