Mlio wa Sekunde Tatu

Kaka yangu mpendwa,

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama, na ndilo linalonifanya nishike kalamu. Lakini wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba barua isiyo na salamu ni kama mgeni anayeingia bila hodi, kwa hiyo nabisha kwanza. U hali gani? Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la huko mnakopima viwanja? Je, yule mpishi wenu bado anaunguza maharage, au mmeshamzoea?

Sisi huku tu wazima, ukiacha goti la Mama ambalo siku hizi huamka kabla yake. Mimi ni yule yule. Mwalimu wa maktaba amenipa kazi ya kugundisha migongo ya vitabu vilivyochanika, kwa hiyo nina furaha ndogo zangu. Kila Jumapili Mama huweka simu kando ya cherehani, kioo kikiwa juu, anashona huku anakitupia jicho. Hasemi anamngoja nani, nasi hatumwulizi.

Simu zangu hupokei, wala sikulaumu. Isitoshe unanijua, kwenye simu maneno hunikwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwenye karatasi huwa nathubutu kidogo. Nakuomba usiichane barua hii kabla ya mwisho, hata ukifika mahali pa kukasirika. Pako mahali hapo.

Nataka kukueleza siku tulipokwenda kulikagua gari lako.

Ulipotuma zile picha, nyumba nzima ilikusanyika kwenye simu ya Mama. Shangingi jeusi, viti vya ngozi, paa la kioo. Mama alisema gari hilo ni kubwa kuliko jiko lake, na kwamba aliyelitengeneza hajawahi kufagia. Baba alivaa miwani, akazitazama picha moja moja, kisha akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na dalali anayepiga simu mara tatu kabla ya watu kunywa chai ana kitu anachotaka kimtoke mkononi. Lakini wewe ulikuwa umetuambia kwamba ukilipata tu, utaliendesha mwenyewe hadi nyumbani na utakaa mwezi mzima. Ilikuwa miaka minne hatujakuona. Ulisema utanipeleka shuleni unishushe langoni watu wote wakitazama, nami nikakujibu bora unishushe kwenye kona. Nilikuwa natania. Ningeshuka langoni.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, Baba na mimi, kwenye ule uwanja wa magari nyuma ya kituo cha mafuta. Dalali alikuwa mfupi, ananukia manukato hadi machozi yanakutoka. Alipomwona Baba alinyoosha mikono yote miwili, akapiga kelele kwamba leo Fundi Sikio ameingia, injini zote zimeanza kutetemeka. Wenzake wakacheka. Unajua Baba anavyopenda lile jina, ingawa hujifanya halipendi.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Akamwambia dalali kwamba gari likiamshwa kabla wageni hawajafika, ujue lina la kuficha usingizini. Dalali akaapa kwamba alilisogeza tu lioshwe. Baba akasema basi na sisi tutakaa tu mpaka lipoe, akaomba kiti. Tulikaa kwa muda wa karibu saa tatu. Dalali alipita mbele yetu mara kumi na nne, nilihesabu, na kila akipita anaikagua saa yake kama inamdanganya.

Hatukukaa bure. Baba alinyanyua mazulia akanusa kila pembe, maana gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko hubaki na harufu ya uvundo hata ukilipulizia nini. Alipitisha kidole kwenye mpira wa pedali ya breki, akaulinganisha na kilomita zilizoonyeshwa. Alifungua kifuniko cha oili akatazama chini yake kwa tochi, kama kuna povu jeupe. Alipima kwa rula kutoka ukingo wa bodi hadi kwenye kila gurudumu, akanieleza kwamba magari haya hukalia mifuko ya hewa badala ya springi, na mfuko ukivuja kona moja huinama kama mbuzi mwenye kidonda. Mimi nilisoma kitabu cha sevisi mstari kwa mstari. Mihuri ilikuwa tofauti, kalamu tofauti, tarehe zinafuatana, dalili kwamba hakikujazwa chote siku moja. Kila kitu nilikiandika kwenye daftari. Ukaguzi ule ulikuwa wa kweli, Kaka. Baba hakukuchezea.

Likabaki jambo moja, kuiwasha injini ikiwa ya baridi. Baba alinieleza tukiwa tumekaa pale. Ndani ya injini za namna hiyo kuna mnyororo unaounganisha sehemu ya juu na ya chini. Ukilegea, hulia mara injini inapowashwa, kwa sekunde tatu hivi, kabla oili haijaufikia. Kisha hunyamaza, na unaweza kuzunguka mji mzima siku nzima usisikie kitu. Ndiyo sababu wauzaji hulipasha gari moto mapema. Na siku mnyororo huo ukiruka, alisema, injini hujiua yenyewe.

Boneti ilipopoa, alichukua bisibisi yake ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini akauweka sikioni. Akamwashiria dalali awashe. Gari likawaka. Baba akatulia hivyo kwa muda, kisha akainuka, akafuta mikono, akasema gari ni zima, mwambie kaka yako alichukue. Nikaandika hivyo. Ukalipa, na dalali akamtuma dereva wake akuletee gari huko uliko.

Yaliyofuata unayajua, lakini wewe uliyaona kutoka upande wako. Sisi tulikuona unaingia mtaani ukiwa umekaa mbele kwenye lori la kukokota, gari lako limefungwa minyororo nyuma kama mfungwa. Mama alikuwa ameshafua mashuka yako. Ulishuka bila kusalimu. Ulisema mnyororo ulikatika mlimani, injini ikazima katikati ya kona, na lori la kokoto lilikukosa kwa upana wa mkono. Ulisema fundi aliyeifungua injini amekuambia ule mnyororo ulikuwa umelegea siku nyingi, na fundi yeyote mwenye masikio angeusikia siku ya kwanza. Halafu ukamwuliza Baba, mbele ya Mama, mbele yangu, dalali alimpa nini.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina grisi. Alikutazama mdomoni kwa muda mrefu. Kisha akasema, nisamehe mwanangu. Basi. Wewe ukaona hayo ni maungamo, ukasema huna baba, una dalali mwingine tu, ukarudi kwenye lori. Mama alikimbia nyuma yako na lile goti lake hadi barabarani. Hukugeuka. Hiyo ni miezi saba sasa.

Kaka, Baba hakupewa kitu. Baba hasikii.

Nilianza kugundua kama miaka miwili iliyopita. Alisema redio imeharibika, akanunua nyingine, nayo ikaharibika. Siku moja alikuwa anavuka barabara, pikipiki ikampigia honi hadi dereva akaanza kutukana, Baba hakugeuza hata shingo, na watu wakasema mzee yule ana dharau. Birika likilia jikoni, anaendelea kusoma gazeti. Ukipaza sauti mbele yake, yeye huambulia neno moja moja huku anakutazama midomo, ndiyo maana sisi wa nyumbani tumedanganyika muda mrefu. Mama hudhani ni uzee na ukaidi, na wakati mwingine humfokea kwamba anajifanya hasikii. Kweli ilikuwa kinyume chake. Alikuwa anajifanya anasikia.

Wakati huo huo ndipo alipoanza kunichukua Jumamosi kwenda kwenye ukaguzi. Aliwaambia watu kwamba binti yake ana mwandiko mzuri, ataandika. Mimi nilifurahi, nikadhani ni kwa ajili ya mwandiko. Baada ya wiki chache nikaona jambo. Injini ikiwashwa, bisibisi ikiwa sikioni, Baba haangalii injini. Ananitazama mimi. Nikikunja uso, anamwambia mteja kwamba gari hili lina ugonjwa, na anaanza kuutafuta kwa mikono hadi anaupata. Nikitulia, anasema gari ni zima. Hatukuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo, hata neno moja. Nadhani tuliogopa kwamba likitajwa litakuwa kweli. Mtu anayeitwa Sikio atamwambia nani kwamba sikio limekufa? Nani atamletea gari?

Sasa ndipo pale mahali pa kukasirika.

Siku ile dalali alipowasha gari lako, nilisikia. Ulikuwa mlio wazi kabisa, kama mahindi makavu yanayotikiswa kwenye debe. Ukalia, ukafifia, ukanyamaza, ikabaki injini laini kama pumzi ya mtu aliyelala. Zilikuwa sekunde tatu kama Baba alivyosema. Nilijua ni nini. Alikuwa amenieleza dakika chache kabla, nami ni mtu ninayekumbuka ninachoelezwa.

Katika sekunde hizo niliwaza kwamba nikikunja uso, gari hili halitanunuliwa. Na lisiponunuliwa, huji. Utasema tena mwakani, kama ulivyosema mwaka uliopita na wa kabla yake. Niliwaza labda mnyororo utavumilia hadi ufike, halafu Baba ataufungua hapa hapa uani na kuubadilisha, nasi tutacheka. Baba alikuwa ananitazama. Nikatabasamu.

Sikukosea, na wala sikuwa sijui. Nilitabasamu makusudi, ili uje nyumbani. Na nusura nikulete ndani ya jeneza. Neno hilo nimelifuta mara mbili na kuliandika tena, kwa sababu ndilo la kweli. Wewe ulipokuwa unamwita Baba mwizi, nilikuwa nimesimama nyuma ya cherehani, na sikufungua mdomo. Aibu yangu watu huiita adabu. Siku ile haikuwa adabu.

Kama ni lazima umkasirikie mtu, nikasirikie mimi. Mimi ndiye mwenye deni hili, si yeye. Sikuombi unisamehe haraka. Nakuomba umpigie Mama Jumapili, na ukizungumza na Baba, zungumza polepole.

Pokea salamu za Mama, ambaye hajui kama nakuandikia, na za jirani yetu mshona viatu, anayedai bado unamdai hadithi yenu ya utotoni aliyoikatiza njiani. Kula vizuri, funika kifua ukiwa kazini.

Ni mimi mdogo wako,
Kamusi (kama ulivyonibatiza)

Jumapili mchana

Kaka, nilikuwa nimeshaandika anwani juu ya bahasha, nikaona si haki kumsema Baba bila yeye kujua. Nilimpelekea barua karakana, nikaiweka juu ya benchi, nikakaa kwenye tairi. Ukiona doa jeusi pembeni mwa ukurasa wa tatu, ni kidole chake. Alisoma polepole sana. Alipomaliza alivua miwani, akaisafisha kwa shati, ikachafuka zaidi.

Akasema alijua. Akasema mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika kifuniko cha injini, nao ukaupata ule mtetemo. Mkono ulimwambia hapana. Kisha akanitazama, mimi nikatabasamu, naye akauamini uso wangu kuliko mkono wake. Nikamwuliza, kwa sauti kubwa, kwa nini basi hakukuambia ukweli siku ile. Akajibu kwamba kama angesema alifuata uso wa mtoto, hasira yako yote ingenigeukia mimi, na mimi bado mdogo, ningeibeba mbali. Yeye mabega yake yameshazoea kubeba injini.

Aliniomba nifute ile sehemu inayohusu masikio yake. Nilichukua kalamu. Nilipoanza tu, akaushika mkono wangu, akasema basi, iache.

Jumatatu

Leo sikwenda shule. Nilimpeleka Baba hospitali. Muuguzi aliita jina lake mara mbili na hakuinuka, watu wakaanza kugeuka, kwa hiyo nilisimama mimi nikasema mbele ya benchi zote kwamba ni baba yangu, na hasikii. Nilimjazia fomu. Walimkalisha ndani ya chumba kidogo chenye dirisha la kioo, wakamvalisha vifaa masikioni, wakamwambia anyooshe mkono kila atakaposikia mlio. Mimi nilikuwa nje ya kioo. Mkono wake ulikaa pajani muda mrefu. Mara moja aliniangalia, kama alivyozoea, nami nikageuza uso nikatazama ukutani mpaka wakamaliza.

Naandika haya nikiwa nimesimama posta. Baba ameketi nje kwenye ngazi. Nimemwambia karani kwamba nataka iende kwa rejista, ukabidhiwe wewe mwenyewe mkononi, na hakunisikia mara ya kwanza, nikarudia kwa sauti zaidi. Sasa anaingoja bahasha.