Baruti ya Mzee Walt

Jumatatu, 6 Oktoba
Saa mbili asubuhi, mtaa wa Highview, nyumbani kwa Mzee Walt, mgonjwa ninayelipwa kumhudumia. Kuogesha, dawa, uji. Kisha akajikokota hadi meza yake kwenye chumba cha kufulia. Risasi za kuwindia anajaza mwenyewe: ganda lililokwishatumika, baruti mpya, kichwa kipya, mashine ya mkono inabana. Mikono inamtetemeka. Baruti inamwagika, mimi nafagia.

Leo ana hasira. Mwanawe Craig anakuja kutoka Columbus tarehe 18 kuchukua bunduki kubwa ya kuwindia, ile magnum ya baba yake, akaiuze. Craig anasema mtutu umechoka, risasi zinatawanyika. Mzee ameomba jaribio moja. Risasi tatu zikipiga mahali pamoja, bunduki inabaki ya familia. Mimi bunduki nazichukia. Iuzwe tu.

Jumatano, 8 Oktoba
Mzee Walt kalia leo. Mzee mzima, machozi hadi kidevuni. Aliniomba nimpimie baruti. Mkataba wangu hautaji baruti. Nikakaa.

Mizani yake ni ya umeme. Nimeweka baruti, namba ikatulia. Hita ya kupasha nyumba joto ikawaka, upepo ukatoka juu, namba ikaanza kutambaa yenyewe. Sikuongeza hata punje. Nikamwambia: mizani yako inadanganya.

Kwetu Kamituga, baba alikuwa akinunua dhahabu, na mpimaji nilikuwa mimi. Kijiti cha kiberiti upande huu, vumbi la dhahabu upande ule. Dirisha limefungwa, pumzi imebanwa, upepo usiguse mizani. Miaka miwili wanalaumu mtutu, kumbe mizani!

Ijumaa, 10 Oktoba
Dada yangu Riziki kapiga simu kutoka Lackawanna, kando ya Buffalo. Theluji bado, ila huko tayari baridi. Nikafanya kosa la kumsimulia.

"Weye unapimaka baruti sasa? Donc, kule kwetu tulikimbia nini? Si risasi?"

Nikasema mzee analia.

"Bon, na sisi tulilia. Nani alitupimia kitu?"

Nimekata simu. Ana haki, ndiyo maana nimekasirika.

Jumanne, 14 Oktoba
Mzee ametoa mizani ya zamani kabatini, ya mkono mrefu, haina umeme. Nimezima hita. Risasi tisa tumejaza. Mimi napima, yeye anavuta mkono wa mashine. Nguvu anazo bado, kutulia ndiko hana. Ya tano nilitilia shaka, nikaimwaga nikapima upya. Akacheka. Sijawahi kumwona akicheka.

Sasa nataka zipige pamoja. Nimejishangaa.

Jumamosi, 18 Oktoba
Uwanja wa shabaha, nje ya mji. Craig kashika bunduki, maana baba yake hawezi. Asubuhi nzima anapumua kama mtu anayengoja basi lililochelewa.

Mlio wa kwanza nikajikuta chini, uso kwenye majani. Sikuamua, mwili uliamua. Craig akaweka bunduki mezani, akaja kuniinua. Akasema turudi nyumbani. Mzee naye akasema turudi. Nikasema hapana, bado mbili.

Ya pili nimeshika kiti cha mzee kwa mikono yote. Ya tatu nilikuwa nimesimama, natetemeka kuliko yeye.

Tukaenda kutazama karatasi. Matundu matatu, yanafunikwa na sarafu moja. Craig aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. Kisha akasema bunduki anaichukua aitumie mwenyewe, haiuzi. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Hakutabasamu.

Jumatatu, 20 Oktoba
Saa mbili. Kuogesha, dawa, uji. Nyuma ya mlango wake hapana kitu, ukuta tu wenye alama pale bunduki ilipokuwa imeegemezwa. Aliitazama alama ile akila. Alishinda, na nyumba imebaki tupu. Imeniuma.

Saa tatu Craig kapiga simu. Ataenda kuwinda Novemba. Anataka risasi ishirini, na anataka kama zile, zilizojazwa na sisi.

Mzee hakumaliza uji. Nimezima hita. Tumevaa makoti, tumekaa mezani, mizani katikati yetu. Nikabana pumzi. Yeye pia.