Pikapu ya Mtani Wangu

Isevya, Tabora
Jumapili mchana

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaipokea huku huku niliko, maana najua utaitoa kabla binti yako Mwanahawa hajamaliza kukusomea mstari wa kwanza. Goti linaendeleaje? Na ule mkorosho uliosema utaukata, umeukata au bado mnabishana? Sisi huku ni wazima wa mwili. Zuhura mke wangu ameniambia niandike hivyo tu niishie hapo. Lakini kichwa changu si kizima, nimechanganyikiwa, na ndiyo maana sikupiga simu. Simu unaishika mbali na sikio kama kitu kinachouma, kisha unasema "sawa, sawa" kwa jambo ambalo hukulisikia. Hili halitaki sawa, sawa. Mwambie binti yako asome taratibu na asiruke.

Unaikumbuka ile pikapu niliyoinunua kwa mkulima wa tumbaku, iliyokuwa imekaa juu ya magogo miaka mingi na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva? Mchana nilifanya kazi kwenye gereji ya mtu, jioni na Jumapili nikawa naitengeneza hapa uani. Miaka miwili, mjomba. Nimechomelea sakafu yote, nimebadilisha springi, injini nimeifumua mara tatu. Mara ya pili nilibaki na nati mbili mkononi na gari likawaka vizuri tu, hadi leo sijui zilikuwa za wapi. Ndiyo hiyo niliyokuahidi kwamba nitakuja nayo Kisarawe kabla ya mvua, nikupandishe mbele, tumzungukie kila aliyesema nimepotelea Unyamwezini. Na ile gereji imefungwa mwezi uliopita, mwenyewe amehama. Kwa hiyo sasa pikapu ndiyo kazi yenyewe, ndiyo itakayobeba alizeti na mpunga wa watu ili tupate kula.

Sasa msikie jirani yangu, Mzee Maganga. Mnyamwezi wa Usoke, alikuwa dereva wa malori ya tumbaku mpaka alipostaafu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba Mnyamwezi na sisi Wazaramo ni watani, tangu babu zao walipokuwa wanashuka pwani na mizigo kichwani na kulala majumbani kwetu. Siku alipojua kwetu ni wapi, alikuja kwenye ukuta mfupi unaotenganisha nyua zetu, akatundika kofia yake kwenye msumari, akanisalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mtumwa wangu. Naona umeanza kunitengenezea gari langu."

Nikamjibu, "Ndiyo bwana, gari lako. Likishindikana nitakuita, mpagazi wangu, ulibebe kichwani."

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Anatundika kofia, ananisalimia, anauliza gari lake limefikia wapi, na mimi naitika kwamba ni lake na kazi inaendelea. Siku nikiamka na hasira zangu, hizo unazozijua, kabla sijafika kwenye pikapu nimeshacheka. Mtaa mzima ulizoea. Hata mama anayepitisha mboga akawa ananiuliza gari la Mzee Maganga litatembea lini.

Na hakuwa anasimama tu. Giaboksi ilipokufa nikahangaika mji mzima bila kupata, alinipeleka nyuma ya nyumba yake kwenye mabaki ya pikapu yake ya zamani, akaniambia nifungue giaboksi nichukue. Nikataka kumlipa. Akanitazama kama nimemtukana. "Umeona wapi mtu analipwa kwa spea inayoingia kwenye gari lake mwenyewe?" Mlango wa nyuma aliupiga msasa yeye, siku nne, mpaka vidole vikachubuka. Na rangi, mimi nilitaka nyeupe. Akasema gari lake ni la kijani, kwa sababu lile lake la zamani lilikuwa la kijani, na mimi kwa kicheko nikalipaka kijani. Wakati ule sikuona tatizo lolote. Sasa kila nikitoka nje naona kijani tu.

Wiki tatu zilizopita, asubuhi, hakuja ukutani. Alianguka akiwa anavaa viatu, na hakuamka. Nililia, mjomba, sikujificha. Familia wakaomba pikapu impeleke Usoke alikozaliwa, na hivyo safari ya kwanza ndefu ya gari lile ikawa ni kumbeba yeye. Halikutusumbua hata kidogo njia nzima, na hilo nalo liliniuma, maana nilitamani lizime njiani tucheleweshwe.

Tulipofika nikakumbuka mafundisho yako na nikafanya kazi ya mtani. Nilipanda nyuma, nikalala chali kando ya jeneza, nikasema haliteremki mpaka marehemu alipe nauli, gari ni langu na amelipanda bila ruhusa. Wazee wa Usoke walicheka wakanipa jogoo. Mkewe, Mama Yohana, alicheka huku machozi yanamtoka. Kijana wao Yohana peke yake ndiye aliyenikodolea macho. Amekulia Arusha kwa mama yake mdogo, mambo haya hayajui. Na ndipo niliposhtuka kwamba kwa miaka miwili ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema mbele ya watu kwamba lile gari ni langu.

Siku ya tatu baada ya mazishi Yohana akaja kwangu, amevaa shati lililopigwa pasi, kwa adabu kabisa. "Shikamoo, baba mdogo. Tunakushukuru kwa kumtengenezea mzee gari lake. Tulitaka kujua ni lini tunaweza kulichukua, maana mama atalihitaji."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikamweleza utani ni nini, nikamwonyesha na kadi ya gari yenye jina langu. Akasikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Akasema, "Kadi siibishii. Lakini miaka miwili baba ananiambia kwenye simu gari langu hivi, gari langu vile. Krismasi nilikuwa hapa, nikakusikia kwa masikio yangu ukimwitikia kwamba ni lake. Haya, tuseme mlikuwa mnataniana. Na giaboksi nayo ilikuwa utani?"

Swali hilo, mjomba, nimeliwaza kila namna. Pengine mzee alitania tangu mwanzo mpaka mwisho. Pengine alianza kwa utani, halafu kidogo kidogo akaamini, kama mtu anayezoea njia ya mkato mpaka akasahau kwamba ni shamba la mtu. Pengine alijua kabisa ni langu, ila alipenda kuwa na gari tena kwa maneno, na mimi nikampa kila asubuhi. Kila moja nikiishika naiona ndiyo, nikiiachia naona hapana. Yohana amerudi Arusha kazini. Atakuja mwisho wa mwezi kuanua matanga, na amesema nitakalomwambia siku hiyo atalipokea. Hilo la kulipokea ndilo linalonitisha, afadhali angegomba.

Zuhura hana mashaka. "Gari letu. Nenda kwa Mama Yohana aseme kweli, yeye si mtoto, utani anaujua." Ni kweli anaujua. Lakini nitamwendeaje mjane nimuulize kama mumewe alikuwa anatania? Nikawa naona aibu, napita upande wa pili wa nyumba nisikutane naye.

Jana asubuhi nilikuwa uani nafunga taa ya nyuma ya kushoto, ndiyo kitu cha mwisho kilichobaki. Nikasikia hatua. Mama Yohana amesimama ukutani, pale pale. Miaka yote sijapata kumwona amesimama pale. Hakucheka wala hakulia, uso wake ulikuwa wa kawaida tu.

"Mwangaluka, mtumwa wangu. Gari langu bado halijaisha?"

Mdomo ukanitangulia. "Ndiyo bwana, gari lako. Imebaki taa moja tu." Nikamwita bwana, mjomba, kwa mazoea.

Akatikisa kichwa kukubali, akaingia ndani kwake.

Zuhura alikuwa anaanika nguo na alisikia yote, na tangu jana ananisemesha kwa ajili ya chakula tu. Anasema nimeshagawa riziki yetu kwa neno moja. Mimi naona huenda Mama Yohana alikuja kuniambia kwamba utani haujafa, kwa hiyo gari ni langu na mtani ninaye. Au huenda alikuja kulidai. Na kinachonichanganya zaidi ni kwamba nilipomwitikia, moyo wangu ulitulia, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Sasa nakuuliza wewe uliyetania kwenye misiba mingi kuliko umri wangu. Mtani akifa, maneno yetu yanakufa naye, au yanarithiwa? Na nikimpa Mama Yohana gari, nitakuwa nimemheshimu marehemu, au nitakuwa nimemfanya mtu aliyekuwa anadai cha jirani yake kila asubuhi? Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa mkono wa Mwanahawa, na usimwambie aandike "sawa, sawa".

Nisalimie mama yangu, dada yako, na umwambie safari ya gari ipo palepale, ila sijui gari la nani. Nisalimie shangazi Mwanaidi anayetuuzia mihogo, na kaka Salumu wa kwenye mashine ya kusaga. Mwanahawa mwenyewe naye ajisalimie, asione haya kujisomea.

Taa nimeshaifunga. Pikapu imekwisha, inawaka, nimeifunika turubai. Ufunguo nilikosa pa kuuweka, nimeutundika ukutani kwenye msumari wa kofia yake.

Ni mimi mpwa wako,
Shabani