Sahani ya Bi Shamsa

Mume wangu Athumani,

Assalaam alaykum. Sisi sote wazima. Babu yako hutembea kila jioni hadi Ngomeni, na akirudi hudai chai kama mgeni. Mjukuu wangu, unaniuliza: kijana aliyelelewa katika makao ya serikali akishatafutiwa chumba, kazi yenu si imekwisha?

Miaka ya tisini, nikiwa msichana mbichi katika ofisi ya ustawi wa jamii, nami nilidhani hivyo. Riziki alikuwa amekulia makaoni, na alipofika umri wa kutoka nilimpatia chumba Mji wa Kale, nyumbani kwa Bi Shamsa. Wiki haikuisha, Bi Shamsa akaja ofisini amenuna.

"Huyu mwanao ana kiburi. Ahame!"

Kumbe alimpelekea sahani ya viazi vya nazi, naye akairudisha tupu, imesuguliwa ikang'ara.

Nilicheka njia nzima. Makaoni, sahani safi ndiyo adabu. Nani angemwambia kwamba sahani ya jirani hurudi na kitu juu yake? Nilipomweleza, Riziki alishtuka, akawasha jiko papo hapo. Lakini alizoea kupikia makao mazima! Mbaazi zilijaa sufuria, nyumba nzima ikala, na tangu siku hiyo sahani zikawa hazitulii ngazini.

Baadaye nilikwenda kumwangalia. Bi Shamsa akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wamtakiani tena mwanangu?"

Hapo, mume wangu, ndipo kazi yangu ilipokwisha.

Bibi yako,
Zuhura