Dafu la Baba Mtu

Kakuyuni, Agosti 1986

Kaka yangu Kenga,

Shikamoo. Huku mvua imetosha, mihogo imekubali, na yule mbuzi wako mwekundu amezaa pacha.

Wazazi wa mchumba wa binti yako Sidi walikuja Jumamosi. Walibeba mtungi wa tembo la mnazi, maana kwetu mahari haitajwi kabla baba mtu hajanywa. Wewe hukuwapo, na sote twajua kwa nini. Ulipotoka hospitali na kuapa kuacha tembo, ulituambia: matangani tembo, posani tembo, hata mlangoni pako mgema yuko juu ya mnazi, heri ubaki Vipingo, kwenye mkonge.

Basi ungemwona wifi yangu! Kadii aliuinua mtungi ule, akaurudisha mikononi mwa wageni.

"Hili ndilo lililonifukuzia mume," akasema. "Hapa tutakunywa madafu."

Baba mdogo Kambi akafoka, "Mwanamke, hiyo si mila!"

"Baba, mila ni kunywa pamoja," akajibu kwa adabu, akawakatia madafu ya ile minazi yako ya mlangoni. Alimkataza mgema asiiguse tangu mwaka jana, kwani mnazi ukigemwa hauzai. Kambi alinuna, akanywa, kisha akawa wa kwanza kuomba la pili.

Kaka, mwanamke kama huyu sijamwona.

Lakini mahari bado haijatajwa, kwa kuwa baba mtu hajanywa. Wageni wanangoja. Dafu lako Kadii hakulikata. Liko mnazini, mlangoni pako.

Nduguyo akupendaye,
Kahonzi