Chupa Tatu, Sumu Moja

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Nimepiga dawa alfajiri, kabla upepo wa ziwani haujaanza. Bomba linavuja mgongoni. Mara ya tatu tangu kabichi zianze kufunga. Jioni nimegeuza majani: viwavi wale wale wa kijani, ukiwagusa wananing'inia kwa uzi. Wazima kabisa. Roho haijatulia.

Alhamisi, 8 Agosti
Mama Kabula, mjane wa bustani ya jirani, kaja kuuliza apige dawa gani. Miaka mitatu tangu nipunguzwe kazini, bado bonde zima wananiita Bwana Shamba. Nimemwambia abadili, anunue duka jingine. Zamani ushirika ulileta dawa aina moja, tena kwa kuchelewa. Siku hizi maduka mjini yamejaa, kila moja na chupa yake. Kaondoka mbio. Kabichi hizo ndizo zinazolisha wanawe wanne. Ananiamini mno.

Jumatatu, 12 Agosti
Majani yamebaki mishipa. Kwangu, kwake, bonde zima. Nimepiga tena, kipimo mara mbili. Mimi! Niliyekuwa nikiwafokea wakulima wa pamba kule Magu kwa kosa hilo hilo. Mikono inawasha.

Jumatano, 14 Agosti
Nimevaa miwani, nimepanga chupa zangu tatu mezani. Maduka matatu, majina matatu. Maandishi madogo chini: sumu ni ile ile. Zote. Nimesoma mara nne. Mwaka mzima tumebadili chupa tu, viwavi wameshaizoea. Na mwalimu wao ni mimi. Naona aibu. Hata mke wangu sijamwambia.

Ijumaa, 16 Agosti
Mama Kabula kapita na chupa mpya, anacheka. Kaambiwa hii ni kiboko. Nimesoma kibandiko. Ile ile. Nimenyamaza. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 17 Agosti
Nimemuwahi kabla hajachanganya. Nimesema yote. Nikamkumbusha pamba: kila msimu ukiisha watu wote wanang'oa mashina na kuchoma, wadudu wakose pa kuishi. Kabichi nazo ni hivyo. Bonde zima ling'oe, tupande maharage. Akibaki mmoja asiyeng'oa, ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kauliza: "Bwana Shamba, na wanangu watakula nini?"

Karudi kumwagilia.

Jumatatu, 19 Agosti
Nimeanza na zangu. Matuta kumi na mawili, hata zile chache zilizofunga vizuri. Kabichi haiungui kama pamba. Nimechimba shimo, nimefukia. Mke wangu kasimama, mikono kiunoni, ananitazama.

Saa sita Mama Kabula kafika kwake na jembe. Kang'oa tuta la kwanza. La pili. Hakutazama huku.

Mke wangu kaingia ndani, kapima debe la mchele wetu, kampelekea. Mama Kabula kalipokea kwa mikono miwili, kamshukuru.

Mimi bado hajanisalimu.